Kidonda Kimefunga, Ubongo Bado

Kijana wa Mang'ola aliyeanguka na bodaboda bila kofia ngumu, akaumia ubongo, anarudi kutoka hospitali ya KCMC, Moshi. Kidonda kimefunga, anatembea, anaongea. Majirani wanasema amepona, na kesho yake anatumwa kwenye shamba la vitunguu. Ni mapema mno. Anafungulia maji jaruba, anasahau kuyafunga. Pampu ikinguruma, kichwa kinamgonga. Saa nne asubuhi amechoka kama aliyepalilia kutwa, na akiulizwa anafoka. Wanaomwita mvivu, au wanaodai amerogwa, wanamwonea.

Ubongo ulioumia hujifunza upya taratibu. Mara nyingi nafuu kubwa huonekana katika miezi 6 ya mwanzo, kisha huendelea kidogo kidogo, pengine kwa miaka. Mgonjwa anahitaji usingizi wa kutosha, mazoezi aliyoelekezwa hospitalini, na kazi ndogo, moja baada ya nyingine. Pombe asiguse kabisa. Kichwa kikizidi kuuma, akitapika au akipatwa na kifafa, arudishwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama vitunguu vimekomaa. Na jamani, mama au mke anayemuuguza apokewe zamu. Naye analala saa ngapi?