Sitara ya Uso

Uso wa mtu hutangulia kuonekana kabla ya neno lake kusikika. Kwa hiyo si ajabu mtu kutaka uso wake uwe safi. Mwenye chunusi, kovu au baka hupaka rangi inayofanana na ngozi yake ili doa lisionekane. Je, kufanya hivyo ni uongo? Wako wasemao kuwa ni uongo, kwani mtu huyo hajionyeshi alivyo. Wengine husema kuwa kila mtu ana haki juu ya mwili wake. Swali hili lastahili kupimwa kwa utulivu, maana vijana wengi hukutana nalo kila asubuhi mbele ya kioo.

Kudanganya ni kumnyima mtu kweli anayostahili kupewa. Mwuza ng'ombe afunikaye kidonda cha mnyama wake humwibia mnunuzi. Lakini mpita njia hatudai hesabu ya chunusi zetu. Nguo hufunika kovu la mguu, wala hakuna amwitaye mvaaji mwongo. Wanawake wa pwani yetu walijipaka liwa usoni na wanja machoni tangu zamani, na pambo hilo halikuhesabiwa kuwa hila. Lugha yetu ina neno jema kwa jambo hili, nalo ni sitara. Ikiwa kumsitiri mwenzio ni wema, kujisitiri mwenyewe hakuwezi kuwa dhambi.

Hata hivyo, methali yatuonya: Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sitara ina mpaka wake. Huko Ulaya, katika karne ya 16 na ya 17, ndui iliacha makovu katika nyuso za watu wengi. Wenye mali waliyafunika kwa rangi nyeupe iliyotengenezwa kwa madini ya risasi, na wengine walibandika juu yake vipande vidogo vyeusi vya hariri. Risasi ni sumu. Iliharibu ngozi ile ile iliyokusudiwa kupambwa, na uharibifu ukadai rangi zaidi. Mwaka 1980 ilitangazwa kuwa ndui imetoweka duniani, lakini kosa lile halikutoweka pamoja nayo. Ziko krimu za kuondoa madoa na kuchubua ngozi zilizotiwa zebaki, ambayo hudhuru figo. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa kikomo cha kutengeneza krimu na sabuni za namna hiyo zenye zaidi ya sehemu moja ya zebaki katika sehemu milioni. Mnunuzi mwenye busara hakubali kupaka kitu asichojua kimetengenezwa kwa nini.

Chunusi za ujana si alama ya uchafu wala ya mwenendo mbaya. Mwili unapokua, tezi za mafuta huzidisha kazi, na vitundu vya ngozi huziba. Nyingi hupungua kadiri miaka ipitavyo, na zilizo kali zina dawa kwa tabibu. Anayezifunika siku ya sherehe hana lawama. Anayemficha hata tabibu hujinyima dawa. Na asiyethubutu kutoka nje ya mlango kabla ya kujipaka amekwisha kuwa mtumwa wa kikopo cha rangi.

Lakini utumwa huo haukuanzishwa na yeye peke yake. Watu hawafichi kitu ambacho hakuna anayekicheka. Darasa linalompa mwanafunzi jina la mzaha kwa sababu ya uso wake lina sehemu yake katika kila doa analolificha, na lina uwezo wa kumwondolea mzigo huo pasipo kutumia senti. Kabla ya kumlaumu mwenzetu kwa kuufunika uso wake, yafaa tukumbuke tulisema nini siku alipokuja kwetu ukiwa wazi.