MAJI YA MSIKITI NA PICHA YA MWANAFUNZI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, ambaye kwa maji amekihuisha kila kilicho hai. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake.

Ama baad. Ndugu zetu Waislamu, tarehe 22 Machi ya kila mwaka huadhimishwa Siku ya Maji Duniani, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa na kuanza kuadhimishwa mwaka 1993. Mwaka huu shule moja katika mji wetu wa Mombasa ilifanya mashindano ya kuchora, wanafunzi wakatakiwa waoneshe kwa picha thamani ya maji. Mzazi mmoja alitujia katika darasa yetu ya baada ya Magharibi akauliza: Je, yafaa mwanangu aingie katika mashindano hayo, ilhali tumesikia makatazo juu ya wenye kutengeneza picha?

Tulimjibu hivi: Ibn Abbas (r.a.) alijiwa na mtu ambaye riziki yake ilikuwa katika kazi ya picha. Akamwambia kwamba ikiwa hana budi, basi na atengeneze miti na vitu visivyo na roho. Khabari hii ni sahihi, wameipokea Bukhari na Muslim. Wanavyuoni wamekhitalifiana juu ya picha za viumbe, khasa zile zisizo na kivuli, wala hatutaki kuirefusha khitilafu hiyo hapa. Maji hayana roho, wala kisima, wala wingu, wala ndoo. Basi mtoto na achore, na ajitahidi kwa kadiri ya uwezo wake.

Siku chache baadaye mtoto alituletea picha yake tuitazame kabla hajaipeleka. Hakuchora mtu hata mmoja. Alichora ukuta mweupe wenye mnara. Ndani ya ukuta mfereji wa kutawadhia wamwaga maji, wala hapana anayetawadha. Nje ya ukuta pana mfereji mwingine uliotiwa kufuli, na mbele yake mitungi ya manjano imepangwa safu moja ndefu, kama maamuma wanaomngoja imamu. Tukamwuliza: Wenye mitungi wako wapi? Akasema: Wamechoka kungoja, sheikh, wameiacha mitungi iwawekee zamu.

Ndugu zangu, nilinyamaza, kwani niliujua mnara ule. Ni msikiti ninaosali mimi.

Haki haina budi kusemwa, hata ikiwa juu ya nafsi ya msemaji. Kisima cha msikiti huo ni waqfu. Kamati iliufunga mfereji wa nje kwa sababu ya matope mlangoni, na kelele za wanaoteka, na bili ya umeme wa pampu. Siku ya shauri hilo nami nilikuwapo, wala sikusema neno. Majirani wakarudi kununua maji kwa mtungi kutoka kwa wenye mikokoteni, na masikini ndiye aliyelipa zaidi, kwani hana tangi la kuwekea akiba.

Baada ya kuiona picha ile niliomba hati ya waqfu nikaisoma tena. Aliyeweka waqfu, Mungu amrehemu, ameandika kuwa maji hayo ni ya wenye kusali na ya majirani. Na wanavyuoni wetu wamesema kuwa sharti la mwenye kuweka waqfu, madhali haliendi kinyume na sharia, hufuatwa kama ifuatwavyo nassi. Basi kufuli ile tuliitia juu ya mali isiyokuwa yetu. Tena Mtume (s.a.w.) amewataja watu ambao Mwenyezi Mungu hatawatazama siku ya Kiyama, na miongoni mwao ni mtu mwenye maji yaliyomzidi, akamnyima msafiri. Ikiwa hayo ni kwa mwenye kuzuia maji yake mwenyewe, itakuwaje kwa mwenye kuzuia maji ya waqfu?

Ama ule mfereji wa ndani unaomwagika, huo ni wetu sote. Anas (r.a.) amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudd moja, na akioga kwa pishi moja hadi mudd tano. Mudd ni ujazo wa vitanga viwili vya mikono vya mtu wa kadiri, wala haifiki lita moja. Iko khabari nyingine mashuhuri, ya kukatazwa israfu hata katika mto upitao. Hiyo wanavyuoni wameitia ila katika isnadi yake, nasi hatuitegemei. Hii iliyo sahihi yatutosha. Nilitia ndoo chini ya mfereji nikatawadha kama nilivyozoea. Nilipomaliza nilikuta lita saba. Nafundisha hadithi ya mudd kila mwaka, na sikupata kuyapima maji yangu.

Wazee wetu walichota birikani kwa kata, na kila kata ilikuwa kipimo: mtu alijua ametumia ngapi. Mfereji umetuondolea taabu, na pamoja na taabu umetuondolea hisabu. Tumesahau kuwa baadhi ya maji ya mji huu hutoka mbali, chemchemi za Mzima huko Tsavo, ambako mvua iliyonyesha juu ya milima ya Chyulu huchujwa na majabali na kutokea chini yake. Kisha hupita katika bomba lililokamilika mwaka 1957, mwendo wa zaidi ya kilomita 200, hata yatufikie. Maji yaliyosafiri hivyo twayaacha yaende karoni huku tukizungumza!

Nimelieleza jambo hili mbele ya kamati, na kufuli imeondolewa. Sasa mfereji wa nje hufunguliwa asubuhi hadi adhuhuri. Limebaki neno la bili, na hilo haliondoki kwa waadhi mtupu: kila mwenye kusali hapo na atoe alichojaaliwa kila mwezi. Matope nayo dawa yake ni saruji, siyo kufuli. Na walimu wa madrasa wawafundishe watoto kutawadha kwa kopo kabla ya kuwapeleka mferejini.

Picha ile haikupata zawadi ya kwanza. Nimemwomba mtoto anipe, nami nimeiweka ndani ya kitabu ninachosomeshea, kwenye mlango wa tohara, ili nisiusomeshe tena mlango huo bila ya kuiona mitungi ile.

Ewe Mola wetu, tusamehe tuliyoyanyamazia, na usitufanye miongoni mwa wenye kuzuia ulichokitoa bure. Amin.