Jalada Likipotea

Dola inapompeleka mtu gerezani hutamka kwamba imejua alichotenda. Kwa kumruhusu akate rufani, dola hiyo hiyo inakiri kwamba huenda haikujua. Naamini kukiri huku ndiko kunakoipa haki ya kumfunga mtu.

Nchini Tanzania, aliyetiwa hatiani na mahakama ya wilaya hutoa taarifa ya kusudio la kukata rufani ndani ya siku 10, kisha huwasilisha sababu zake Mahakama Kuu ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala za hukumu na mwenendo. Mfungwa huzipitisha kwa mkuu wa gereza. Na jaji wa rufani ya kwanza hatafuti kasoro za kisheria pekee: Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliamua mwaka 1957 kwamba aupime upya ushahidi wote na kufikia uamuzi wake mwenyewe.

Lakini jaji huyo hakumwona shahidi akisita. Alicho nacho ni mwenendo wa kesi, yaani yale aliyowahi kuyaandika hakimu, kwa miaka mingi kwa mkono na kwa Kiingereza, ilhali shahidi alisema Kiswahili. Sheria ya lugha ya mahakama haikubadilika hadi mwaka 2021. Wapo wanaoona kwamba, kwa kuwa maandishi yana upungufu huo, aliyemwona shahidi kwa macho ndiye wa kuaminiwa. Siafiki kabisa. Mwoga hutetemeka hata anaposema kweli, na mwongo mzoefu hukaza macho. Karatasi haina uso, ila inamwezesha msomaji kuyaweka maneno ya shahidi wa pili kando ya yale ya shahidi wa tano.

Basi jalada lenye mwenendo huo likipotea? Hutokea. Mahakama huagiza kumbukumbu zikusanywe upya kwa polisi, kwa waendesha mashtaka, kwa mfungwa mwenyewe. Zisipopatikana, wengine husema abaki ndani, maana hatia yake ilikwisha thibitishwa. Ilithibitishwa kwa nani, ikiwa hakuna tena awezaye kuikagua? Jalada lilikuwa mikononi mwa dola, si mwake.

Kesi isikilizwe upya kama mashahidi wangali hai, vinginevyo aachiwe. Najua aliyetendewa uovu ataumia kumwona mtu huyo akitoka, na maumivu yake ni ya haki. Deni lake analidai kwa dola iliyopoteza ushahidi wake, na kuendelea kumfunga mwingine hakulilipi.