Heshima ya Mikono Miwili

Lugha yetu imeupa kila mkono daraja yake. Mmoja huitwa mkono wa kulia, maana ndio upelekao chakula kinywani. Tena huitwa wa kuume, kana kwamba uume na nguvu ni kitu kimoja. Wa pili ni wa kushoto, au wa kike, na kazi zake hutajwa kwa sauti ya chini. Katika jiji la Arusha na vijiji vya Mlima Meru, kama katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki, kumpa mtu kitu kwa mkono wa kushoto ni kumvunjia heshima. Je, daraja hii imo katika maumbile, au tumeiweka sisi? Na ikiwa tumeiweka sisi, ni nani aumizwaye nayo?

Elimu ya mwili ina neno la kusema. Mwaka 1870, Gustav Fritsch na Eduard Hitzig waliugusa kwa umeme ubongo wa mbwa mjini Berlin, wakaona viungo vya upande wa pili vikitikisika. Kila nusu ya ubongo huamrisha hasa mkono ulio kinyume chake, kwa kuwa nyuzi nyingi za neva hupishana kabla ya kuingia katika uti wa mgongo. Lakini "hasa" si "peke yake". Mwaka 2019, Ames na Churchland wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walieleza habari za kima waliofundishwa kuzungusha pedali kwa mkono mmoja mmoja. Seli za kila nusu ya ubongo zilishughulika, mkono wowote ulipozunguka. Wala amri hazikuvurugika. Mfano wake ni waimbaji wale wale wenye nyimbo mbili: sauti hazibadiliki, mpango wake ndio ubadilikao. Basi hata mkono mmoja ufanyapo kazi, pande zote mbili za ubongo zina habari nao.

Mchumaji wa kahawa katika miteremko ya Meru hahitaji kuambiwa haya. Mkono mmoja huinamisha tawi na kulishika. Wa pili huchuma matunda mekundu na kuyaacha mabichi. Ni upi bwana hapo, na ni upi mtumwa? Kidole kimoja hakivunji chawa.

Atasema mtu kwamba adabu ya mkono wa kulia ina sababu njema, kwani watu walao sahani moja wana haki ya kuaminiana katika usafi. Ni kweli, wala siipingi adabu hiyo. Lakini adabu ni sheria ya awezaye kuishika. Tazama watu wawili. Wa kwanza ni mzee ambaye kiharusi kimeipiga nusu ya kushoto ya ubongo wake, mkono wa kulia ukalegea. Akila kwa mkono wa kushoto, karamu nzima humwonea huruma. Wa pili ni mtoto mashoto. Akishika kalamu kwa mkono ule ule, hupigwa vidole.

Tofauti ya wawili hawa ni nini? Hakuna kati yao aliyechagua. Sababu ya mzee tunaiona, na ya mtoto imefichika ndani ya fuvu la kichwa. Basi tumesamehe kwa macho, si kwa haki. Na haki isiyovuka upeo wa macho ni haki fupi. Tena mtoto amezidi kudhulumiwa, kwa kuwa hana hata kosa la kusamehewa.

Elimu ya ubongo haiwezi kutuamuru kumheshimu mtu. Amri hiyo hutoka katika dhamiri. Iwezalo ni kutuondolea udhuru. Zamani mwenye fimbo aliweza kusema kwamba anaurudi ukaidi. Leo ajua kwamba anayapiga maumbile. Mtoto na anawe mikono yake yote miwili, apewe nafasi penye sahani, na kalamu aishike kwa mkono uwezao kuandika.