Hukumu ya Soko Lenye Bwana Mmoja

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, yajulikane ya kuwa dini haikuliacha soko bila ya hukumu. Abdulrahman bin Auf alipohamia Madina, nduguye wa Kiansari alitaka kumgawia nusu ya mali yake. Akamwombea baraka, akauliza soko li wapi. Akaonyeshwa soko la Banu Qaynuqa, akenda, wala hakurudi ila na ziada ya jibini na samli. Hilo ndilo soko litakiwalo, ambalo mtu asiye na kitu huingia akachuma.

Na katika Hadithi sahihi Mtume (s.a.w.) amekataza misafara isipokewe njiani kabla ya kufika sokoni. Wanavyuoni wameeleza sababu yake: aendaye kuupokea msafara aijua bei ya mji, na ajaye na ngamia wake haijui. Basi hununua kwake kwa thamani duni, kisha huwauzia watu wa mji kwa bei aitakayo yeye. Hapana upanga hapo wala wizi, na wote wawili wameridhia. Na juu ya hayo limekatazwa, kwa kuwa mmoja ameshika njia na khabari pamoja.

Sasa na itazamwe Amazon, iliyoasisiwa Marekani mwaka 1994 na Jeff Bezos kwa kuuza vitabu kwa njia ya intaneti. Leo ni soko, na mwenye soko naye ni mchuuzi humo humo. Wafanya biashara wengine huweka bidhaa zao kwake na kumlipa ujira, naye huona kila kiuzwacho na kwa bei gani. Halmashauri ya Umoja wa Ulaya iliichunguza kwa jambo hili, na mwezi wa Disemba 2022 kampuni ikatoa ahadi ya kutozitumia khabari za siri za wauzaji hao ili kushindana nao. Mwenye kuifahamu mas-ala ya misafara hatahitaji kufasiriwa.

Palikuwa na kampuni nyingine huko Marekani, Quidsi, iliyostawi kwa kuuza nepi za watoto. Amazon ikateremsha bei ya nepi zake mpaka ile ikachoka, ikanunuliwa mwaka 2010, na mwaka 2017 ikafungwa. Wanunuzi walifurahia urahisi ule. Lakini urahisi ulikuwa wa muda, na mshindani hakurudi.

Wafaransa waliliona hili katika vitabu. Kwa sharia ya mwaka 1981 kitabu kipya huuzwa bei moja nchi nzima, na punguzo halipiti asilimia 5, ili duka dogo lisiuliwe na kubwa. Mwaka 2014 ikakatazwa kitabu kupelekwa nyumbani bure. Amazon ikatoza senti 1. (Hila za namna hii watu wa fikihi wazijua vyema.) Ndipo mwezi wa Oktoba 2023 pakawekwa ujira usiopungua euro 3 kwa manunuzi ya vitabu yasiyofika euro 35. Na Marekani, mwaka 2020, Andy Hunter aliasisi Bookshop.org: mtu huagiza kwa intaneti vilevile, bali humchagua muuza vitabu wa mji wake, naye hupata asilimia 30 ya bei. Basi wasemao kuwa hapana njia ila ile moja wamekosea.

Ama hukumu, haijuzu kukiharamisha alichokihalalisha Mwenyezi Mungu. Kununua kwa kampuni kubwa asili yake ni halali, na fakiri atafutaye nafuu kwa ajili ya watoto wake halaumiwi. Wa kuulizwa ni mwenye uwezo, aagizaye kwa uvivu kitu kilicho mtaani kwake kwa tofauti ndogo. Mwenye duka wa mtaa ndiye akopeshaye mpaka mwisho wa mwezi, ndiye ajuaye nyumba ipi ina mjane, ndiye afungaye duka akafuata jeneza. Na watu wa pwani wasidhani kuwa mambo haya ni ya Ulaya tu. Jumia, duka la intaneti lililoanzia Nigeria mwaka 2012, lilifika Tanzania, kisha mwezi wa Novemba 2019 likafunga kazi zake huko. Kariakoo na Darajani zingalipo.

Lakini wenye maduka nao wasijifiche nyuma ya maneno haya. Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika chungu ya nafaka, akakuta chini imeroa, akamkanya muuzaji. Mnunuzi wa leo hukimbia mzani uliopunguzwa, na bei isiyoandikwa, ambayo hupanda akionekana ameshuka garini. Kampuni kubwa huandika bei wazi na hukubali kitu kibovu kirudi; mchuuzi Mwislamu aliamrishwa hayo karne nyingi kabla yake. Katika fikihi pana khiyari ya aibu: mtu akinunua kitu, kisha ikadhihiri aibu iliyokuwamo tangu kabla ya kukipokea, anayo haki ya kukirudisha na kupewa fedha zake. Kile kibao kitundikwacho madukani, kwamba mali ikishauzwa hairudi, hakimwokoi aliyeijua aibu akaificha. Mwenye duka atakaye wateja warejee na aanze kwa kukishusha.