Sura ya Mutumishi Ni Mali ya Nani?

Wazee wetu wa Katanga walijua kuyeyusha shaba mbele ya Wazungu kufika. Wakati wa kiangazi walikusanya mawe ya rangi ya majani, wakayachoma kwa makala, wakatosha misalaba ya shaba. Musalaba ule ulikuwa feza. Uliingia hata katika mali ya ndoa. Lakini tusijidanganye: uonevu ulikuwa tayari. Katika utawala wa Msiri, aliyeuawa mwaka wa 1891, shaba, pembe na watumwa vilipita njia moja kwenda pwani.

Mwaka wa 1906 ikazaliwa Union Minière. Watu waliletwa toka mbali, hata Rwanda na Burundi, kutumika katika mashimo na viwanda. Walipigwa picha pia, na picha zikalala katika kabati za kompani. Mule mutumishi alikuwa sehemu ya hesabu, kama mashini.

Mwaka wa 2006, Sammy Baloji, mwana wa Lubumbashi, alifanya kazi inayoitwa « Mémoire ». Alikata sura za watumishi wale katika picha za zamani, akazisimamisha ndani ya picha zake za viwanda vilivyoharibika. Mashini zimeshika kutu, lakini watu wangali wanatuangalia. Kazi ile ilisafiri Ulaya na Marekani.

Hapo ndipo kuna ulizo. Shaba yao ilikwenda ng'ambo. Sasa sura zao nazo zinakwenda. Je, si kuchimba mara ya pili? Wengine wanasema ndiyo, kwa sababu mutu wa katika picha hapati kitu. Wengine wanajibu: bila picha, tungesahau.

Mimi naona tofauti iko katika kurudi. Shaba ikienda haimurudilie mwenye kuichimba. Picha inaweza kurudi. Toka 2008, Baloji na wenzake wanaonyesha kazi za wasanii mule mule Lubumbashi, katika mikutano ya Picha. Mujukuu akisimama mbele ya sura na kusema, « Huyu ni babu, jina lake ni fulani », siku ile sura imetoka mikononi mwa kompani.

Leo zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka kwetu, na wapiga picha wanafika kwenye mashimo ya Kolwezi. Mwenye kuonyesha taabu ya mutu amuombe ruhusa, aandike jina lake kama mwenyewe anakubali, na amurudishie picha. Hiyo si zawadi, ni deni.