Fedha Iliyohesabiwa kwa Kichwa cha Mtoto

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa njema zote ni zake, na sala na salamu zimfikie bwana wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake.

Ama baada ya haya: enyi ndugu zangu wa Handeni na Korogwe, na kila atakayesomewa kijitabu hiki, ilinifikia masuala ambayo hayajibiwi mlangoni kwa neno moja, kwani ndani yake mna haki ya mtoto, na haki ya serikali, na dhiki ya mama, na kosa langu mimi mwenyewe.

Aliyeuliza ni mama mjane wa kijiji kimoja cha upande wa Handeni. Alinijia mwaka 2018 baada ya sala ya alasiri, akaketi barazani pa chuo, akasema: "Maalim, binti yangu yuko Tanga kwa watu, analea mtoto wao, na huu ni mwezi wa nne. Jina lake lingali shuleni, kidato cha pili, na mwalimu humtia alama ya kuwapo kwa kunihurumia. Fedha za kaya maskini nazipokea, na nimekwisha kuzila. Je, nimekula haramu?"

Nilinyamaza kitambo. Siku binti yule alipopanda gari mimi ndiye niliyemwombea dua ya safari, wala sikuuliza hata neno moja katika khabari ya shule.

Jueni kwanza asili ya fedha yenyewe. Serikali iliunda Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ndio TASAF, mwaka 2000. Awamu yake ya tatu, iliyozinduliwa mwaka 2012, ndiyo iliyoleta fedha mikononi mwa kaya maskini, wakilipwa kila miezi miwili, na wapokeaji wengi wakawa wanawake. Katika awamu ile kaya ilipewa shilingi 10,000 kwa mwezi kwa ajili ya umaskini wake, kisha ikazidishiwa kwa ajili ya watoto: shilingi 2,000 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi, na 4,000 kwa wa kidato cha kwanza hata cha nne, kwa idadi iliyowekewa mpaka. Sehemu hii ya mwanafunzi ilikuwa na sharti, nalo ni mtoto ahudhurie asilimia 80 ya siku za masomo, yaani siku 8 katika kila 10. Asipotimiza, hukatwa.

Basi nikamjibu mama yule kwa kupambanua. Ile iliyotolewa kwa ufakiri wa nyumba, kula bila ya wasiwasi, kwani ufakiri wako haukusafiri kwenda Tanga. Ama ile iliyohesabiwa kwa kichwa cha binti, hiyo ilitolewa kwa sharti, na Waislamu hufungwa na sharti walizoridhia, madamu hazihalalishi haramu wala kuharimisha halali. Nawe uliipokea kama mwenye kushika amana, na Mwenyezi Mungu katika Suratun-Nisaa, aya ya 58, ameamrisha amana zifikishwe kwa wenyewe. Mwenyewe hapa ni mtoto. Na alama ya mwalimu katika daftari ni ushahidi, na ushahidi wa uongo hausafiki kwa kuwa aliyeutoa ana huruma.

Mama akalia. Nikamwambia: mwanangu, sikwambii uzirejeshe leo, kwani mwenye deni akiwa na dhiki hungojewa mpaka apate wasaa, na hukumu hiyo imo katika Suratul-Baqara, aya ya 280. Lakini mambo mawili hayangoji. Uiambie kamati ya kijiji ukweli, na ukamchukue mtoto.

Watu walioketi pale, nao ni wazee wenye akili, wakasema: "Maalim, shilingi 4,000 ni kitu gani hata mtoto azuiliwe kutafuta riziki?" Nami nakiri kuwa ni kidogo. Ada iliondolewa tangu Januari 2016 mpaka kidato cha nne, lakini sare na madaftari na chakula cha mchana havikuondoka na ada. Mtoto wa Handeni huenda shule ya kata mwendo mrefu, na kabla ya hapo msichana amekwisha kwenda kutafuta maji. Maji ya bomba kuu la Handeni yenyewe hutoka mto Pangani, upande wa Korogwe. Kijana wa kiume naye huitwa na tanuri la mkaa, au na pikipiki ya bodaboda, na kule Korogwe huitwa na mashamba ya mkonge. Fedha ya mkononi leo humshinda mtu mzima, seuze mtoto wa miaka 15.

Lakini wenye kusema hivyo nawauliza: udogo wa fedha ya serikali umewaondolea ninyi faradhi gani? Mahindi ya mvua yakifika nisabu, nayo ni kiasi cha kilo 650, zaka yake ni sehemu moja katika kumi. Katika madhehebu yetu fakiri ni mwenye dhiki zaidi kuliko maskini, na wote wawili ni katika watu wanane wenye haki. Nimeona ghala zikijaa Handeni katika miaka ya neema na zaka isionekane, kisha mwenye ghala akasimama msikitini kuilaumu serikali kwa uchache wa ilichotoa. Na sahani za pilau ya maulidi tunazihesabu vizuri sana kuliko watoto walioacha shule.

Imam wetu Shafi'i, aliyezaliwa Ghaza mwaka 150 wa Hijra, alikuwa yatima. Mama yake alimpeleka Makka, wala hakuwa na cha kumpa mwalimu. Mwalimu akaridhika bila ya ujira, kwa kuwa mtoto yule alikuwa akiwafundisha wenziwe kila mwalimu alipoondoka. Karatasi hakuwa nayo, akiandika juu ya mifupa. Tutazame aliyemwezesha: mama fakiri asiyemtoa chuoni, na mwalimu asiyemfukuza.

Na hapa nageuka kwa walimu wenzangu wa vyuo, nami ni wa kwanza wao. Wangapi katika sisi tumewaweka wanafunzi chuoni mpaka jua likapanda na kengele ya shule ikapigwa? Wangapi tumewapeleka kulima shamba letu siku ya masomo, tukaiita khidma? Mimi nimefanya hayo miaka mingi. Tangu siku ya masuala yale chuo changu husomesha baada ya alasiri, na Jumamosi asubuhi, na shamba langu nalilima mwenyewe na wanangu.

Na aliye na mtoto ambaye jina limekwisha kufutwa asikate tamaa, kwani kwa Waraka wa Elimu namba 2 wa mwaka 2021 serikali imeruhusu waliokatiza masomo warejee, hata msichana aliyezaa.

Ama mama yule, alikwenda Tanga akarudi na binti wake, amepitwa na wenziwe kwa muhula mzima. Kamati iliambiwa ukweli, na malipo yaliyofuata yakaja yamekatwa. Mwezi ule tulimpa mahindi ya zaka, debe mbili, na mzee mmoja katika wale waliobisha barazani akanunua sare. Binti akaja chuoni kuniamkia, akasema: "Maalim, ile dua ya kwenda uliniombea. Ya kurudi je?" Nikainua mikono nikamwombea, na mama yake akaitikia amin.

Wallahu aalam.